Mstari Unaofuata Ufuo: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza katika Ziwa Nyasa



Mfasiri anayekutana na istilahi ya kemia hufungua kamusi, na aghalabu husalimika. Hatari imo katika vitenzi ambavyo kila mtu anadhani anavijua. Nimechagua kimoja, follow, ambacho hata mtoto wa shule ya msingi hukifasiri kwa "fuata" bila kusita. Nitakichunguza ndani ya waraka ambao wakazi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wanaishi nao hadi leo.

Waraka huo ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland na kuiacha Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Ibara yake ya kwanza inaueleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani. Mstari unaanzia pwani, unafuata mkondo wa Mto Ruvuma hadi makutano yake na Mto Msinje, unakwenda magharibi hadi unapolifikia Ziwa Nyasa, unageuka kaskazini, kisha unafuata fuo za mashariki, kaskazini na magharibi za ziwa hadi mdomo wa Mto Songwe.

Tazameni vitenzi hivyo. Mstari umepewa miguu: unaanza, unakwenda, unafika, unageuka, unafuata. Wanasemantiki, hasa Leonard Talmy, wamelichunguza sana jambo hili la kukisimulia kitu kisichosogea kana kwamba kinasafiri. Kiswahili nacho hufanya hivyo, tunaposema barabara inapanda Umatengo kutoka Mbinga au inateremka ziwani. Hapo hakuna ugeni. Ugeni upo katika kutumia kitenzi kilekile kwa mto na kwa ufuo. Anayefuata mkondo amo mtoni. Mkondo ndio unaomwongoza. Anayefuata ufuo yuko wapi? Juu ya mchanga? Majini, hatua mbili kutoka nchi kavu? Kitenzi hakisemi. Kinatueleza tu kwamba umbo la kinachofuata linaiga umbo la kinachofuatwa.

Sasa tukigeukie "fuata" chetu. Jioni moja pale Mbamba Bay nilimuuliza mama mmoja aliyebeba ndoo tupu aendako. Akanijibu, "Nafuata maji, mzee." Jibu hilo halifasiriki kwa follow. Maji hayakuwa yakitangulia. Yalikuwa yametulia ziwani yakimngoja. "Fuata" hapa ni kwenda mahali kwa kusudi la kukipata kitu na kurudi nacho, kama tunavyomfuata mtoto shuleni au kufuata dawa hospitalini. Hata methali isemayo fuata nyuki ule asali inazichanganya maana mbili: nyuki anatangulia, lakini kusudi la safari ni asali.

Ukaribu wa maana hizi haukuzuka katika Kiswahili peke yake. Katika Kizulu, landa ni kwenda kuchukua, na landela, yaani umbo lake la kutendea, ni kufuata. Naitaja lugha hiyo kwa sababu jamii ya Kinguni ndiko walikotoka waasisi wa Wangoni wa Songea, majirani wa Wamatengo. Mzizi huohuo unasikika katika kolanda ya Kilingala, kufuata. Kwa hiyo Mbantu anayefuata, mara nyingi anakusudia kupata. Follow haina kusudi hilo la kwenda kuchota. (Katika kupita tu: "kufuatia" ya magazeti yetu, kama katika "kufuatia mvua, mkutano umeahirishwa", inavaa vazi la Kiingereza na kutuficha kama mvua ilikuwa sababu au ilitangulia tu. "Kwa sababu ya" haijachakaa.)

Je, lugha yetu ina kitenzi kinachofaa zaidi? Ninavyo viwili. Mabaharia hutumia "ambaa": kupita kandokando ya nchi bila kuigusa. Ndiyo asili ya "mwambao", neno tunalolitumia kila siku kwa ukingo wa Ziwa Nyasa. Ndugu yake ni "ambata", yaani kushikamana, chenye kile kiambishi -at- cha kugusana tunachokiona pia katika "kamata" na "fumbata". Mstari unaoambaa ufuo uko karibu nao. Mstari ulioambata na ufuo hauachani nao. Follow inaweza kubeba yote mawili, nasi katika Kiswahili hatuna budi kuchagua.

Uchaguzi huo una uzito, kwa kuwa ufuo wenyewe huhama. Kuanzia 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930, kina cha ziwa kilikuwa chini hata Mto Shire ukaacha kupokea maji yake. Mwaka 1980 maji yalikuwa juu zaidi kwa mita kadhaa. Mstari ulioambata ungehama pamoja na ukingo wa maji, na yule mama na ndoo yake angevuka mpaka kila jioni, mahali tofauti kila mwaka.

Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilidai kwamba mpaka upite katikati ya ziwa. Malawi imeshikilia maneno ya mwaka 1890. Mabishano yalipamba moto tena mwaka 2012, wakaletwa wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, na shauri halijamalizika. Mimi ni Mtanzania, lakini sitamdanganya mwanafunzi: hakuna maana ya follow, ya zamani wala ya sasa, inayoweza kuusukuma mstari kutoka ufuoni hadi katikati. Waingereza na Wareno walipotaka kufanya hivyo upande wa Msumbiji, ambako mkataba wa 1891 nao uliuweka mpaka ufuoni, waliandikiana makubaliano mapya mwaka 1954. Hoja ya Tanzania itafutwe kwingine, kwa mfano katika ibara ya sita ya mkataba uleule, inayoruhusu mistari irekebishwe kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali.

Huwapa wanafunzi wangu ibara ya kwanza waifasiri. Karibu wote huandika "unafuata". Siku hizi siwakatii alama. Nawataka tu waandike pembeni kama mstari umegusa maji au haukugusa, na wengi hurudisha karatasi pembeni pakiwa patupu.