Anayepigana Ili Ale

Mabingwa wa MMA, ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, mnawajua. Leo tumzungumzie yule asiyewekwa kwenye mabango.

Mchukue Jeremy Horn wa Marekani. Machi 1999 alimkaba Chuck Liddell mpaka akazimia. Liddell baadaye akawa bingwa, tena staa kweli kweli. Horn je? Alizunguka akipigana, zaidi ya mara 100 maishani mwake. Mkanda wa Liddell aliugombea Agosti 2005, akashindwa raundi ya nne.

Kwa nini mara zote hizo? Hela, jamani. Mikataba mingi hulipa kiasi cha kupanda ulingoni, na kingine kama hicho ukishinda. Ukipigwa, nusu imekwenda. Usipopanda, hupati hata senti, na kodi ya nyumba inakungoja. Ndiyo maana mwingine anaficha kwamba juzi alizimia mazoezini. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona, unaweza kuvimba na kumuua.

Halafu kuna mizani. Ili apimwe uzito wa chini, mtu anajinyima maji na kujitoa jasho. Mwaka 2015 Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alikufa Manila baada ya kujikausha hivyo, hajarusha hata ngumi. Waandaaji, ONE Championship, ndipo wakapiga marufuku mtindo huo.

Ukienda kujiunga na klabu, muulize kocha: nikizimia hapa, nani ananipeleka hospitali, na nitapumzishwa siku ngapi?