Mazda RX-8 na injini inayokunywa oili

Katika masoko ya magari yaliyotumika jijini London kuna gari moja la michezo ambalo bei yake humshangaza mgeni. Lina viti vinne, milango ya nyuma inayofunguka kinyume na ile ya mbele, na katika toleo lake kubwa injini yenye nguvu za farasi 231. Hata hivyo huuzwa kwa fedha ambazo kwa kawaida hununua gari dogo la kwendea sokoni. Gari hilo ni Mazda RX-8.

Liliuzwa Uingereza kuanzia mwaka 2003 hadi 2010, pale viwango vipya vya Ulaya kuhusu moshi wa magari vilipolifungia mlango. Kiwandani Japani liliendelea kuundwa hadi 2012. Kwa kuwa linatimiza kiwango cha Euro 4, halitozwi ile ada ya pauni 12 na nusu kwa siku, ambayo tangu Agosti 2023 inawahusu wenye magari yachafuayo hewa katika mitaa yote ya London. Kijana aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam, mwenye akiba ndogo na hamu kubwa ya mwendo, aweza kulitazama na kudhani bahati imemwangukia.

Bei iko chini kwa sababu moja: watu wanaiogopa injini yake. Na swali la kwanza ambalo mnunuzi huuliza, naye hupewa majibu kumi tofauti, ni oili gani itiwe.

Haliwezi kujibiwa kabla ya kuieleza injini yenyewe. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeibuni, na mfano wake wa kwanza uliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda ilipata kibali cha kuitumia mwaka 1961, na mwaka 1967 ikauza gari lake la kwanza la aina hiyo, Cosmo Sport. Ndani yake hamna pistoni zinazopanda na kushuka. Mna rota, kipande cha chuma chenye pembe tatu, kinachozunguka katika chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. RX-8 ina rota mbili. Kila pembe ya rota ina sili nyembamba inayousugua ukuta wa chumba bila kupumzika, na sili hizo ndizo uhai wa injini.

Katika injini ya kawaida oili hukaa chini ya pistoni na ringi huizuia isikaribie moto. Katika injini ya Wankel hali ni kinyume. Ili sili zisikwaruze ukuta, pampu ndogo inayoongozwa na kompyuta ya gari hupima oili tone kwa tone na kuinyunyiza ndani ya chumba kile kile ambamo petroli inawaka. Oili ikishafanya kazi yake huungua na kutoka kwa bomba la moshi. Kwa hiyo gari hili hupunguza oili likiwa na afya njema. Mvuvi wa Lamu au Nungwi, aliyezoea kuchanganya oili na petroli ya mashine ya boti, huelewa jambo hili upesi kuliko fundi aliyefanya kazi na Toyota miaka 20.

Oili ina jukumu jingine pia. Rota hupozwa kwa oili kutoka ndani, na sehemu kubwa ya joto la injini hubebwa na oili hadi kwenye vipoza vilivyo mbele ya gari. Hivyo oili ile ile inatakiwa istahimili joto kali bila kuwa maji, itiririke upesi injini ikiwa baridi, na tena iungue bila kuacha masizi wala majivu. Matakwa haya hayapatani kwa urahisi. Oili iliyojazwa viungo vya kuifanya idumu muda mrefu katika injini ya dizeli, kwa mfano, huenda ikawa bora sana mahali pake, lakini haikuundwa ili iliwe na moto.

Nchini Uingereza Mazda ilipendekeza oili ya namba 5W-30. Nchini Marekani, kwa injini hiyo hiyo, kitabu cha gari kilitaja 5W-20. Namba ya kwanza yaonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili uzito wake injini ikishapata moto. Kadiri ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo oili inavyobaki nzito. Wengi huieleza tofauti hiyo kwa sheria za Marekani za kubana matumizi ya petroli, kwa kuwa oili nyepesi huipunguzia injini mzigo. Mwenye gari London hana sababu ya kuifuata ile ya Marekani. Januari, asubuhi yenye barafu juu ya vioo, 5W-30 hufika upesi panapotakiwa.

Ubishi mkubwa zaidi unahusu sinthetiki, yaani oili iliyoundwa kwa ufundi wa kikemia, dhidi ya ile ya kawaida itokanayo moja kwa moja na mafuta ghafi. Kwa miaka mingi ushauri uliosikika katika gereji za injini hizi ulikuwa kuiepuka sinthetiki, kwa hoja kwamba haiungui vizuri na huacha uchafu juu ya sili. Hoja hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa sheria ya milele, kwani kampuni ya Idemitsu ya Japani huuza sinthetiki iliyotengenezwa mahsusi kwa injini za rota. Lililo dhahiri ni la mfukoni: oili ya RX-8 huungua, na pia huchanganyika na petroli, kwa hiyo haikai muda wa kutosha kulipa gharama ya chupa ya bei ghali. Oili ya kawaida au nusu sinthetiki ya namba sahihi, ikibadilishwa mapema kila maili 3,000 au 4,000, ni busara kuliko ile ya anasa inayoachwa mwaka mzima.

Injini nyingi zimekufa kwa kijiti cha kupimia oili kutoguswa. Kijiti hicho kinafaa kuchomolewa kila mara ya pili petroli inapojazwa, gari likiwa mahali tambarare. Ajabu ni kwamba gari lisilopunguza oili hata kidogo ndilo la kutiliwa shaka, kwa maana huenda pampu au vinyunyizio vimeziba. Mazda yenyewe ilipolifanyia gari marekebisho, katika toleo lililoitwa R3 nchini Uingereza, iliipa kila rota vinyunyizio vitatu badala ya viwili.

Maisha ya London nayo yana lawama. Mtu huwasha gari, akalisogeza mita kumi kumkwepa askari wa maegesho, akazima. Petroli iliyomiminwa kwa ajili ya kuwasha injini baridi hubaki chumbani, ikaosha oili ukutani, na kesho yake gari halikubali kuwaka. Afadhali injini iachwe ipate moto kwanza. Wako wanaotia pia petrolini kiasi kidogo cha oili ya boti, ile iliyoundwa kuungua. Ni nyongeza tu. Haichukui nafasi ya pampu iliyoharibika.

Injini hii si dhaifu kwa asili. Mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Mwingereza Johnny Herbert akiwa mmoja wa madereva wake watatu. Lakini ilikuwa na mafundi pembeni usiku kucha.

Kwa anayefikiria kulipeleka gari nyumbani, Kenya imeufunga mlango, kwani haipokei gari lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania hulipokea kwa ushuru wa ziada. Katika joto la pwani oili nzito kidogo, kama 10W-40, yafaa, mradi inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, maana chupa zilizojazwa upya zimewatia hasara wengi. Jambo la kufanywa London kabla gari halijapakiwa melini ni kupima kompresheni kwa kifaa maalumu cha rota, kinachosoma kila upande kati ya pande tatu. Kipimo cha kawaida husoma upande wenye nguvu peke yake, na injini iliyochoka hupita mtihani huo bila taabu.