Shairi Hutoka Wapi?



Tumeombwa kusema machache juu ya jambo litusumbualo sisi makarani wa bara: shairi hutoka wapi hata likamfikia mtunzi? Wako wasemao kwamba ushairi ni mali ya pwani, na mtu wa Ugogo akijaribu vina na mizani ameazima nguo ya mwenziwe. Neno hili limewanyamazisha wengi, nasi hatulikubali.

Tumtazame Marehemu Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na mji huu, njaa kuu ya Mtunya ikikaribia: vita vilichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosa. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa karani kama sisi, kisha liwali, kisha hakimu. Wala hakuiacha Ugogo nyuma: mwaka 1954 kilipigwa chapa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na diwani yake ikafuata mwaka 1963.

Twaona chemchemi yake ilikuwa papo hapo kazini. Aketiye barazani akisikiliza madai ya ng'ombe wa mahari, au mjane adaiye shamba, husikia maneno yaliyochujwa na haja. Aliyeyasikia hayo mchana kutwa hana sababu ya kungoja wahyi ushuke usiku. Hata ngonjera, alizozieneza sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zafanana na shauri mbele ya hakimu: huyu asema, yule ajibu.

Tena watoto wa hapa husikia zeze na ilimba kabla ya kujua alifu.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeingia ukarani wa forodha mwaka 1926, alifiwa na mkewe Amina akamtungia shairi la maombolezo ambalo hata leo lasomwa. Wangapi wamefiwa wasiandike neno! Yeye msiba ulimkuta na mizani tayari vidoleni. Nane na nane, kumi na sita: hesabu hiyo karani aweza kuizoeza akienda kazini kwa miguu, na jua la Dodoma halimruhusu kwenda mbio.

Basi wenye tungo wazilete kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ziandikwe upande mmoja wa karatasi, kwa hati isomekayo, maana yeye ndiye akataye stensili, na taa ya ofisi ni hafifu.