Chai ya Kisiwa Kisichokuwepo
Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za amani za vijiji, Kivu ya Kusini



Jana mchana mlitembelea kisiwa ambacho hakimo katika ramani yoyote. Wenzetu waliofika leo asubuhi nitawaeleza kwa ufupi. Kisiwa hicho kinaitwa Albatros. Kilibuniwa na Mmarekani mmoja, Theodore Gochenour, aliyeandika mchezo huu mwaka 1977 kwa ajili ya kufundisha watu namna ya kukutana na mila wasizozijua. Mwaka 2000 mchezo huo uliingizwa katika kitabu cha mafunzo cha Baraza la Ulaya kwa viongozi wa vijana, na wakufunzi wa amani wameupeleka sehemu nyingi za dunia. Kila mkufunzi huubadili kidogo. Sisi jana tulitumia chai, kwa sababu mambo ninayotaka kuzungumza nanyi yanahusu kikombe.

Basi, wageni waliingia katika nyumba ya watu wa Albatros. Wanaume walipewa viti. Wanawake walivuliwa viatu, wakakalishwa chini. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti, na mke wake alipiga magoti kando yake. Hakuna aliyesema neno, maana watu wa kisiwa hicho hawana maneno: wakifurahi au wakichukizwa hutoa sauti tu. Mama akamimina chai. Mume akanywa wa kwanza. Kisha akaweka mkono juu ya shingo ya mke wake, akamwinamisha mara tatu mpaka paji la uso likakaribia kugusa sakafu. Baada yake wakanywa wageni wanaume, na wanawake wakanywa mwisho.

Niliwauliza mmeona nini, nanyi mkaandika ubaoni. Maandishi yale bado yapo, sikuyafuta. "Wanawake wanadharauliwa." "Mwanaume anajipendelea." "Ni watu wa zamani." Kundi moja liliandika kwamba watu hawa wapelekewe haraka semina juu ya haki za mwanamke, tukacheka sana.

Halafu tulisoma maelezo. Katika Albatros ardhi ni takatifu, kwa sababu ndiyo inayozaa. Mwanamke naye huzaa, kwa hiyo yeye peke yake ana ruhusa ya kuigusa ardhi kwa mguu mtupu. Mwanaume haruhusiwi, ndiyo maana huvaa viatu na kuwekwa juu ya kiti, mbali na mahali patakatifu. Akitaka kuiheshimu ardhi hana njia ila kupitia kwa mwanamke, na ule mkono shingoni ni maombi yake. Na yeye hunywa kwanza kwa sababu, ikiwa kinywaji kina ubaya, ubaya huo umpate yeye kabla haujampata mwingine.

Mlinyamaza. Papa mmoja upande huu alisema polepole, "Kumbe." Mchezo huu huishia hapo mara nyingi. Mkufunzi huwaambia watu wasihukumu upesi, kisha wanakwenda kula. Lakini ninyi mtarudi vijijini mkakae na watu ambao wamezikana, na sioni kwamba somo hilo litawatosha. Nataka tubaki kidogo hapo kwenye kunywa kwanza.

Watu wa Albatros hawapo, lakini anayeonja kwanza yupo, na ninyi mnamjua. Nani kati yetu hajaona mtu akileta kasiksi, akimimina kidogo, akanywa yeye mwenyewe mbele ya mgeni, ndipo akampa? Jirani zetu wa Burundi na Rwanda walikuwa na chungu kimoja cha pombe ya mtama na mirija mingi ndani yake. Watu walionyweshana chungu kimoja walikuwa wameonyeshana jambo fulani bila kulitaja. Mzee akionja kwanza, hatupigi makofi wala hatuulizi sababu. Sote tunaijua. Jambo lenyewe, hapa kwetu, lina jina, na jina hilo ni karuho.

Najua wengine hawapendi nilitaje mbele ya watu. Lakini kamati ya amani isiyoweza kulitaja neno karuho hapa Bukavu, Kabare, Walungu au Uvira itapatanisha watu juu ya mipaka ya shamba na kuacha lile linalowatenganisha kweli. Mtu anakonda, anakohoa, tumbo linavimba. Familia haiulizi kwanza kama ni kifua kikuu au ini, ugonjwa ambao hospitali ingeweza kuutafuta na pengine kuutibu. Inauliza: alikula wapi? Alikunywa kwa nani? Siku zinahesabiwa kurudi nyuma mpaka unapatikana msiba, au harusi, au mlango wa jirani, na kikombe kimoja kinakumbukwa. Kuanzia siku hiyo nyumba ile ina jina baya. Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwekea mwenzake sumu. Nasema kwamba kikombe kinashtakiwa mara nyingi sana bila kupimwa, na watu wamepigwa, wamefukuzwa, hata wameuawa kwa ajili ya mashtaka hayo.

Sasa niwaeleze jambo nililoshuhudia, bila kutaja mahali. Familia mbili zilikuwa zimegombana miaka mingi juu ya bonde dogo lenye maji. Baada ya mazungumzo marefu zilikubali kukutana nyumbani kwa upande mmoja. Kamati ilinunua sukari na mikate. Wageni walifika, walikaa, maneno yalikwenda vizuri kuliko tulivyotumaini. Kisha chai ikaletwa. Mzee wa wageni akasema, "Asante, tumekwisha kunywa nyumbani." Wenzake nao, mmoja baada ya mwingine, wakasema wamekwisha kunywa. Ilikuwa saa nne asubuhi na walikuwa wametembea tangu alfajiri. Hakuna aliyeinua sauti. Chai ilipoa mezani, mwenye nyumba akatazama mikono yake, na kikao kile kikafa pale pale ingawa watu walikaa saa nzima zaidi.

Kamati ilipokutana jioni tulizungumza sana juu ya mwenye nyumba: ameaibishwa, ataombwa radhi namna gani, shefu ahusishwe au asihusishwe. Siku ya tatu ndipo mama mmoja wa kamati alipouliza kama kuna mtu aliyekwenda jikoni. Hakuna. Akaenda yeye. Akamkuta mke wa mwenye nyumba hajala vizuri tangu siku ile. Maana fikirini: chai ile ilipikwa na nani? Mgeni akikataa kikombe, mwenye nyumba anapata aibu, lakini anayeshtakiwa ni mpishi. Karuho hapa kwetu huangukia nani mara nyingi? Mama mjane, mama mkwe, mke mwenza, msichana aliyeolewa kutoka mbali. Wanaopika ndio wanaoshtakiwa. Wazee wote wale walikuwa wamejadili heshima ya papa, na aliyekuwa katika hatari alikuwa nyuma ya ukuta akisikiliza.

Na ni yeye aliyetoa njia. Alisema: leteni birika moja, lisiwe langu, liwe la kanisa. Mama wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, wapike pamoja nje, mahali watu wanapoona. Vikombe viwekwe kwenye sinia vikiwa vimefunikwa kifudifudi, wageni wachague wenyewe, na mume wangu achukue kile kitakachobaki. Aliongeza kwamba asiyetaka kunywa asiulizwe kitu. Wazee wa kwetu walinung'unika kidogo, wakisema mgeni hachagui kikombe, hiyo si adabu. Lakini walikubali. Kikao cha pili kilifanyika baada ya wiki tatu. Wageni wawili hawakunywa, wengine wote walikunywa, na bonde lile liligawanywa kwa siku za kumwagilia. Ugomvi haukwisha wote. Bado wanabishana juu ya mti mmoja mkubwa.

Ndiyo sababu nataka turudi kwenye kisiwa chetu, maana kuna jambo moja katika mchezo ule ambalo huwa linanisumbua. Mliposoma maelezo, mliridhika: kumbe mwanamke anaheshimiwa. Lakini ni nani aliyewapa maelezo hayo? Ni karatasi ya mkufunzi. Mama wa Albatros alipiga magoti, alimimina, aliinamishwa mara tatu, na mpaka mwisho hakuna aliyemwuliza kitu. Pengine angesema kwamba ni kweli, ardhi ni yangu na kiti ni adhabu ya wanaume. Pengine angesema shingo inamuuma. Hatujui, kwa sababu aliyeandika mchezo hakumpa nafasi. Sidhani mchezo ni mbaya kwa ajili hiyo. Unafanya kazi yake. Lakini katika vijiji vyetu maelezo ya mila hutolewa na wale waliokaa kwenye viti. Mgeni akiuliza, "Kwa nini mama hali pamoja nasi?" jibu hutolewa na papa, jibu zuri sana, lenye heshima na historia ndani yake. Liandikeni. Halafu mkaulize na jikoni.

Nimesikia pia wengine wakisema kwamba mila haibadiliki, kwamba ukigusa namna ya kukaribisha mgeni umevunja ukoo. Tuliona vingine. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 ilitangazwa Ebola kule Kivu ya Kaskazini, ikaingia Ituri, na mwaka 2019 ikafika hata kwetu Mwenga. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua na 2.287 wamekufa. Watu wa Beni na Butembo, wanaoshikana mikono hata wakiagana kwa dakika tano, walijifunza kusalimiana kwa kiwiko. Ndoo ya maji yenye klorini ikawekwa mlangoni, na mgeni akanawa kabla ya kusema hodi. Mwanzoni ilionekana kama tusi. Baadaye ikawa kwamba nyumba isiyo na ndoo ndiyo isiyomjali mgeni. Wenyeji wenyewe ndio waliogeuza maana yake.

Kuna watu waliojipatia njia hiyo zamani bila kulazimishwa na ugonjwa. Kule Oman, ambako hata leo wako watu wanaosema Kiswahili majumbani, mgeni hupewa kahawa katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Anayemimina ataendelea kukijaza mpaka mgeni akitikise kikombe kidogo kulia na kushoto. Basi, imetosha, na hakuna aliyeudhika wala aliyetakiwa kueleza. Napenda sana desturi hiyo. Kwetu mgeni hana alama kama hiyo. Anaweza kunywa, au anaweza kusema uongo kwamba amekwisha kunywa, na sote tunaujua kuwa ni uongo.

Neno dogo kwa wafanyakazi wa mashirika walio pamoja nasi, wasikasirike. Mnashuka kutoka katika gari na chupa ya maji mkononi. Mnapewa kikombe, mnakiweka chini, mnaendelea kuandika. Najua tumbo la mgeni ni dhaifu na safari ni ndefu. Lakini watu waliokaa mbele yenu wanajua maana moja tu ya kikombe kisichonywewa, nami nimekwisha kuwaeleza maana hiyo. Semeni mapema, kabla chai haijapikwa: tumbo langu linanisumbua, naomba ndizi. Hakuna mama atakayechukizwa kwa kuombwa ndizi. Na mkipanda kwa wafugaji wa milima ya juu, ambako maziwa ndiyo heshima kubwa, ulizeni kabla ya kufika, si mkiwa mmekwisha kushika chombo.

Nanyi mnaokaribisha, msimlazimishe mtu. Nimeona wenyeji wanaosukuma kikombe mara tatu, mara nne, mpaka mgeni anywe kwa hofu. Mtu aliyekunywa kwa hofu, akiumwa kichwa kesho yake, atamkumbuka nani? Mama aliyempikia.

Sasa tutakwenda katika vikundi. Leo wanawake watakaa katika vikundi vyao na wanaume vyao, halafu tutakutana saa nane. Kila kikundi kizungumzie kijiji kimoja cha kweli, si kisiwa. Mseme: mgeni kutoka upande tuliogombana nao akija kesho, atapewa nini, nani atakipika, nani ataonja, na asiyetaka atasemaje bila kumshtaki mtu? Vikundi vya wanaume, andikeni pia mnachofikiri mama watajibu. Tutasoma karatasi za mama kwanza, kisha zenu, tuone zinakutana wapi. Chai iko chini ya mwembe, imepikwa na Mama wa Walungu na Mama wa Uvira pamoja. Vikombe viko kwenye sinia.