Usaili wa Mwalimu Anayekwenda Ng'ambo

Msikilizaji, mwalimu wetu akiitwa kwenye usaili wa kufundisha ng'ambo, cha kwanza kumhangaisha ni Kiingereza. Anajifungia chumbani na kukariri namna ya kujitambulisha. Halafu inafuata suti. Nina neno naye jioni hii: ameanzia mwisho.

Chukua walimu wanaokwenda Marekani kwa viza ya J-1. Masharti yanajulikana: shahada, Kiingereza cha kutosha, na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2. Mpaka unaitwa mbele ya kamera, vyeti vyako wameshavipitia. Sasa wanataka kukuona darasani, na kwa kuwa darasa halipo, wanauliza ilikuwaje. Siku somo lilipogoma, ulifanyaje? Yule mtoto aliyebaki nyuma ya wenzake, ulimsaidiaje? Hapo wengi wanakimbilia maelezo ya chuoni, eti mwalimu bora anatakiwa awe hivi na vile. Hawakuuliza habari za mwalimu bora, ndugu yangu. Wamekuuliza wewe.

Na liko swali ambalo ni lazima ulitarajie: mtoto akivuruga darasa, unachukua hatua gani? Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Uingereza ilivifuta katika shule za serikali tangu mwaka 1987. Mwalimu akijichekea na kusema, "Ah, kidogo tu, anakaa sawa," basi usaili umekwisha, hata kama wataendelea kumhoji kwa adabu mpaka muda uishe.

Asidanganye pia. Akisema anatumia ushauri nasaha, ataambiwa atoe mfano. Awe nao basi: mvulana wa dawati la nyuma anawachokoza wenzake, mwalimu anasogea huku anaendelea kufundisha, anasimama ubavuni pake bila kumtaja, kisha anamtuma agawe madaftari. Kipindi kikiisha anamwita pembeni, na kumbe mtoto anatembea kilomita nyingi kuja shule, tena bila kutia kitu tumboni. Mwalimu aliyewahi kuwatuliza wanafunzi 80 kwa jicho na sauti peke yake ana habari ambayo mwenzake wa darasa la watoto 20 hana. Ajabu ni kwamba wengi wanaona aibu kuisema, wakidhani msongamano ule unawashushia hadhi.

Huenda ukaombwa pia ufundishe kwa dakika chache. Kama somo ni Kiswahili, tafadhali usiwape historia ya lugha. Wasalimie, waitikie, wasalimiane wao kwa wao; dakika zikiisha wawe wamefungua vinywa. Kisha jiandae kwa mchokozi atakayeuliza kwa nini tunasema "mwalimu wangu" lakini "rafiki yangu", ilhali wote ni watu. Kuzaliwa Tanga au Lamu hakukupi jibu hilo. Fungua kitabu cha sarufi mapema.

Saa nazo zihakiki. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni yetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi, maana wenzetu hurudisha saa nyuma.

Wakimaliza kukuhoji, na wewe uliza. Darasa lina watoto wangapi? Tiketi na nyumba analipa nani? Mkataba ukivunjika katikati, nauli ya kurudi ni ya nani? Na kama huyo anayejiita wakala anazungukazunguka, au anataka umtumie pesa kabla hujauona mkataba, kata simu.