Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi



Kila mwaka Desemba 9 inapokaribia, yako makundi ya watu wa mijini ambao hufunga safari kwenda kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa kumbukumbu ya Uhuru. Wamo wafanyakazi wa maofisini, wanafunzi, hata wazee waliokwisha staafu. Wanafuata nyayo za marehemu Alexander Nyirenda, aliyewasha mwenge kileleni mwaka 1961. Ni jambo la kusifiwa, maana kwa miaka mingi mlima huu tulikuwa tukiutazama kwenye kalenda tu, tukawaachia wageni kuukanyaga.

Makundi haya hujiandaa kwa bidii. Hununua viatu, hukopeshana makoti, hufanya mazoezi ya kutembea alfajiri. Lakini linapokuja suala la vinywaji, aghalabu hutumwa mtu mmoja dukani siku ya mwisho, naye hurudi na kahawa aliyoiona kwanza kwenye rafu. Nataka jioni hii tulizungumze jambo hilo la kahawa. Mtaona kwamba si dogo.

Nazungumzia kahawa ya papo hapo, ile ambayo wengi wetu tunaiita kahawa ya kopo: unatia kijiko kimoja kwenye maji moto, unakoroga, unakunywa. Najua wapo watakaonuna. Mtu aliyezoea kukaa barazani na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata atasema kahawa ya kopo si kahawa. Sibishani naye, kwa kuwa barazani ana haki yote. Barazani, hata hivyo, muuza kahawa huja na dele lake na jiko lake la mkaa, na mnywaji habebi chochote. Mlimani kila kitu kinabebwa.

Kwanza tuelewe kahawa hii ni kitu gani. Kiwandani buni hukaangwa, husagwa na kupikwa kwa maji kama tupikavyo sisi, ila kwa mitambo mikubwa. Kisha maji yale huondolewa. Njia moja ni kuinyunyiza kahawa kwenye hewa ya moto mpaka ianguke kama vumbi. Njia ya pili ni kuigandisha kwa baridi kali, halafu barafu yake hunyonywa mpaka zibaki chembechembe. Hiyo ya pili hutunza zaidi harufu na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa uzito, kijiko cha gramu 2 ni gramu 2 kwa njia zote mbili. Anayenunua ya bei ghali ananunua ladha, na asidhani amenunua wepesi.

Wazo la kusafiri na kahawa nyepesi halikuanzia viwandani. Wahaya wa Kagera, tangu kale, huchuma buni, huzichemsha pamoja na majani ya dawa, huzikausha, kisha huzitafuna. Mgeni hukaribishwa kwa buni hizo, na msafiri huweza kutia konzi moja mfukoni na kwenda zake. Hahitaji moto, maji wala kikombe. Sijui kama iko kahawa ya safari nyepesi kuliko hiyo duniani. Baadaye sana, mwaka 1901, mkemia Mjapani Satori Kato alionyesha unga wake wa kahawa katika maonyesho makubwa ya Buffalo, Marekani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Marekani wakapewa kahawa ya aina hiyo mstari wa mbele. Mwaka 1938 kampuni ya Nestlé ya Uswisi ikaanza kuuza Nescafé. Angalieni nani walioihitaji kahawa hii: msafiri na askari, yaani watu wanaobeba vitu vyao wenyewe.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kundi lina watu 12, safari ni ya siku 6, na kila mtu anakunywa vikombe 3 kwa siku. Hivyo ni vikombe 216. Kahawa ya kopo, gramu 2 kwa kikombe, itakuwa gramu 432, chini ya nusu kilo kwa kundi zima. Kahawa ya kusaga ya kuchemsha huhitaji kama gramu 12 kwa kikombe, kwa hiyo ni kilo 2 na nusu na ushee, bila kuhesabu birika na kichujio. Tena machicha yake yakilowa huwa mazito kuliko yalivyopanda, nayo hayaruhusiwi kutupwa vichakani. Lazima yateremke.

Zipo pia zile pakiti ambazo kahawa, sukari na maziwa vimechanganywa pamoja, nazo zinapendwa sana mijini. Pakiti moja huwa na kama gramu 18. Vikombe 216 ni karibu kilo 4. Humo ndani kahawa yenyewe ni kidogo mno, na sehemu kubwa ni sukari na unga wa kufanya weupe. Sisemi sukari ni mbaya. Mlimani mwili unaungua kama jiko, na sukari ni kuni zake. Ninachosema ni kwamba sukari ibebwe kama sukari, mfuko mmoja wa kutumika kwenye chai, uji na kahawa, ili anayependa vijiko viwili atie viwili na asiyetaka asibebeshewe. Vijiko viwili vya sukari ni kama gramu 8, yaani mara nne ya kahawa iliyomo kikombeni. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kahawa ni nzito, aanze kwanza na sukari yake.

Tukija kwenye chombo, ndipo wengi wanapopigwa chenga. Chupa ya kioo yenye kahawa gramu 100, ikiwa tupu, huzidi gramu 200. Kundi letu la watu 12 likibeba chupa 5, limebeba zaidi ya kilo nzima ya kioo, mara mbili na zaidi ya kahawa iliyomo. Kioo hicho hakinyweki wala hakilainishi koo. Na kikivunjika katikati ya nguo, kahawa imekwisha na vidole vimekatika.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kilo hizo zinabebwa na nani?

Kwenye Mlima Kilimanjaro mpandaji hutembea na kifuko kidogo mgongoni, chenye maji yake na koti la mvua. Mahema, vyakula, mitungi ya gesi na masufuria vinakwenda kichwani na mabegani mwa wapagazi. Ni vijana, wengi wao wa vijiji vya pembeni mwa mlima, ambao hutangulia mbele ili mgeni akifika kambini akute hema limesimama na maji yanachemka. Kanuni inaweka mzigo wa kundi usizidi kilo 20 kwa kila mpagazi, na mizani ipo getini. Kijana huyo anazo pia nguo zake na blanketi lake. Kilo 4 za pakiti tamu ni sehemu moja ya tano ya mzigo wake halali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiwa kichwani kwa mwingine unauona mwepesi kama mfuko wa sufi. Methali hii ilitungwa kutukebehi sisi tunaoagiza.

Mtu anaweza kujibu kwamba mpagazi analipwa. Ni kweli, na alipwe vizuri. Lakini halipwi kwa kubeba ujinga wetu. Gramu iliyoachwa nyumbani kwa kufikiri dakika tano haimpunguzii ujira wake. Inampunguzia maumivu ya shingo, au inampa nafasi ya kubeba kitu chenye maana, kama blanketi la ziada kwa mgonjwa.

Mlima wenyewe nao unaipendelea kahawa ya kopo. Hapa pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito wake na maji huchemka mapema, kiasi cha nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 85 tu au pungufu kidogo. Kahawa ya kusaga haiivi vizuri katika maji hayo, na utaichemsha na kuichemsha, gesi ikiteketea, nayo ikabaki chachuchachu. Kahawa ya kopo ilikwisha iva kiwandani, kazi iliyobaki ni kuyeyuka tu. Zaidi ya hayo, Kibo hakuna maji. Yale mnayoyatumia yamepandishwa kutoka chini, kichwani kwa kijana yule yule. Kila sufuria la kahawa linalosuuzwa pale juu ni maji yaliyobebwa.

Namna ya kuifunga je? Msitu wa chini una unyevu mwingi, na unga huu hunywa unyevu kama chumvi. Ukiuacha kwenye mfuko uliotoboka utakuta donge gumu kama gundi. Mimi nashauri kahawa ihamishiwe, mkiwa bado nyumbani, kwenye kikopo cha plastiki kikavu chenye mfuniko wa kusokota, na kijiko kidogo kiwekwe humo humo. Kopo la bati au chupa vibaki jikoni. Vipakiti vidogo vya kikombe kimoja ni vyepesi na havishiki unyevu, lakini vikombe 216 ni karatasi 216 zenye utando wa bati, ambazo haziozi. Kona ndogo inayochanwa hupeperushwa na upepo, nani ataikimbiza? Mkivitumia, kata bila kuitenganisha kona, na kila mmoja atunze vyake mpaka getini.

Niseme neno kuhusu afya. Kahawa haimdhuru mpandaji kwa sababu tu yuko juu. Aliyezoea vikombe viwili kila siku asiache ghafla siku ya safari, maana kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa, na mlimani maumivu hayo yanaweza kudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa mwinuko. Asiyezoea naye asianze kujishindilia huko, akakosa usingizi. Wakati wake mzuri ni kama saa 5 usiku ule wa mwisho, kabla ya kuanza kupanda kileleni. Lakini kahawa si dawa. Anayeumwa kichwa huku anatapika, anayepepesuka au anayehema hata akiwa amekaa, dawa yake ni kuteremka mara moja.

Na mwisho, ni kahawa ipi? Mkoa wa Kagera unalima robusta, kahawa kali yenye kafeini karibu maradufu ya arabika, na pale Bukoba kiwanda cha TANICA kimekuwa kikitengeneza kahawa ya papo hapo kwa miongo mingi. Mkoa wa Kilimanjaro unalima arabika, na wakulima wake waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Mtu anayekwenda geti la Marangu hupita katikati ya mibuni na migomba. Ni ajabu ya kusikitisha apite pale, kwenye buni yenyewe, huku ndani ya mzigo kuna chupa ya kahawa iliyosafirishwa ghafi ng'ambo, ikakaangwa huko, ikafungwa huko, ikarudi kwa bei ya huko. Sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje ikiwa ghafi, na faida ya kukaanga na kufunga huwaendea wengine. Kikopo kimoja hakitaibadili biashara ya dunia. Lakini kama ladha inakuridhisha, kwa nini shilingi yako isibaki Bukoba?

Ushauri wangu ni huu. Wiki moja kabla ya safari, nunueni aina mbili au tatu zilizotengenezwa nchini na mzionje. Msitumie maji yanayotokota. Yaacheni yapoe kidogo, kama yatakavyokuwa kule juu. Tieni unga kwanza, maji kidogo, korogeni mpaka uwe uji, ndipo mjaze kikombe. Mkishachagua, pimeni gramu 2 kwa kila kikombe mtakachokunywa kweli, mtie kwenye kikopo, na mzigo wote muuinue kwa mikono yenu kabla ya kumkabidhi mpagazi. Mkiona mzito, pungueni hapo hapo.