Kidhibiti-joto katika Tangi la Mvinyo: Mazungumzo na Wazalishaji na Wanunuzi wa Bonde la Kilombero

Tumekuja kuzungumza juu ya chombo kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukinunua, au mnakusudia kukinunua: kidhibiti-joto cha kielektroniki, ambacho madukani huitwa themostati. Hicho hicho hutumika katika mashine za kutotolea vifaranga na katika majokofu yaliyobadilishwa kazi. Leo tutakitazama katika kazi moja tu, nayo ni kulinda tangi ambamo mvinyo wa choya, wa nanasi au wa ndizi unachachuka.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili ni zito zaidi hapa kuliko kwingineko. Mvinyo wa zabibu wa Dodoma hutengenezwa katika nchi iliyo juu, yapata mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai huleta baridi ya kweli. Ifakara iko chini ya mita 300, bondeni, na kuanzia Oktoba hadi Machi chumba kisicho na feni hukaa juu ya nyuzi 30 mchana kutwa. Jirani zetu wa Iringa wanaogema ulanzi hawana shida hii, kwa kuwa ulanzi hunywewa ungali unachachuka. Anayetaka kutia mvinyo chupani na kuusafirisha hadi Morogoro au Dar es Salaam ana deni kubwa zaidi kwa mnywaji wake.

Joto la chumba, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili hutoka ndani ya tangi lenyewe. Hamira inapokula sukari hutoa pombe, hewa ya ukaa na joto. Lita moja ya maji ya matunda yenye gramu 200 za sukari ikichachuka yote, hutoa joto linalotosha kuipandisha yenyewe nyuzi zipatazo 25, kama hakuna hata chembe ya joto iliyopotea. Katika dumu dogo la lita 20 sehemu kubwa ya joto hilo hutokea ubavuni na hulioni. Katika pipa la lita 200 halina pa kupita haraka, na ndiyo maana mtu aliyefanikiwa kwa madumu miaka mitatu hushangaa mwaka wa nne, alipohamia kwenye pipa, mvinyo unapomharibikia. Hamira nyingi za mvinyo huanza kudhoofika zikipita nyuzi 32 hivi, na zikikaribia 40 hufa. Sukari iliyobaki haina mwenyewe tena. Bakteria wa siki huingia; au, vibaya zaidi, mvinyo hutiwa chupani ukiwa na sukari na chembe chache za hamira zilizosalia, uchachukaji huanza upya chini ya kizibo, na chupa hupasuka mkononi mwa aliyeinunua. Kwa hiyo mazungumzo haya yanamhusu mnunuzi wa themostati, na vilevile mnunuzi wa mvinyo.

Chombo chenyewe ni chepesi kukielewa. Kina kitambuzi mwishoni mwa waya mwembamba, kioo kinachoonyesha tarakimu, na swichi ya ndani, yaani relei, inayowasha na kuzima jokofu au pampu ya maji baridi. Unakiambia joto unalolitaka. Joto likizidi, kinawasha, likirudi, kinazima. Chenye programu huongeza jambo moja: kinaweza kukumbuka hatua kadhaa, kwa mfano nyuzi 22 kwa saa 24 ili hamira ishike, kisha nyuzi 19 kwa siku nane, kisha 22 tena ili imalize sukari.

Kabla ya kutoa fedha, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Chombo kilichoandikwa volti 110 peke yake kiliundwa kwa ajili ya nchi kama Marekani, na ukikichomeka hapa kitaungua. Tazama pia ampia. Relei ya ampia 10 inabeba wati 2,300 kwa hesabu ya karatasini, lakini kompresa ya jokofu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Kwa jokofu moja la kifua la nyumbani ampia 10 kwa kawaida zinatosha. Kwa mawili yaliyounganishwa kwenye soketi moja, hapana.

Hapo hapo dukani mwambie muuzaji kazi unayoitaka: "Nataka kifaa cha kuendesha jokofu hili, kwa tangi la lita kadhaa, kwa joto la nyuzi 18 hadi 24." Omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humpa nguvu mnunuzi aliyeeleza kazi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji, na nguvu hiyo hupungua sana kwa aliyeagiza kifaa kwa jina la chapa tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu sifa za bidhaa. Lakini sheria zote mbili huanza na ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni risiti ya mashine. Bei iliyopunguzwa kwa sharti la kutochukua risiti ni bei ya kuuza haki yako.

Ukifika nyumbani, usikifunge kwenye tangi bado. Kipime. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji safi kidogo, koroga, kisha zamisha kitambuzi kwa dakika tano. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma 2, kinakudanganya kwa nyuzi mbili, na vifaa vingi vina sehemu ya kusahihisha tofauti hiyo katika mpangilio wake. Kipimo cha pili kifanye kwa maji ya uvuguvugu, ukilinganisha na kipima-joto cha homa kinachouzwa duka la dawa, kwenye nyuzi 37 hivi. Kifaa kinachosoma sawasawa katika ncha hizo mbili kitaaminika katikati. Kinachokosea kwa nyuzi mbili kwenye barafu na kwa nyuzi tano kwenye maji ya uvuguvugu hakisahihishiki. Kirudishe.

Angalia pia kama kimewekwa kwa Selsiasi au kwa Farenhaiti. Kosa hili ni la kawaida kuliko mnavyodhani. Mtu huweka 20 akidhani ni nyuzi 20 za Selsiasi, kumbe kifaa kinaelewa Farenhaiti, ambayo ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Jokofu halizimiki usiku kucha na asubuhi tangi limeanza kuganda pembeni. Nyuzi 20 za Selsiasi ni 68 za Farenhaiti. Mkiona tarakimu kama hizo kwenye kioo, mnajua mko wapi.

Sasa kitambuzi kikae wapi? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wengi hukining'iniza hewani ndani ya jokofu, kando ya pipa. Hewa hupoa kwa dakika chache, kifaa kinasoma 20 na kuzima, na ndani ya pipa mvinyo uko nyuzi 27 na bado unapanda. Kitambuzi kinatakiwa kijue joto la mvinyo. Kama tangi lina mrija maalumu wa chuma ulioingia ndani, kitie humo. Kama halina, kibandike kwenye ubavu wa tangi chini ya usawa wa mvinyo, kisha kifunike kwa kipande kinene cha sponji au godoro kuukuu na kukaza kwa gundi ya karatasi, ili kisisikie hewa. Usikitumbukize kitambuzi cha bei nafuu moja kwa moja katika mvinyo, kwa sababu ganda lake halikutengenezwa kwa ajili ya chakula na asidi ya matunda hulila.

Mpangilio wa pili ni tofauti, yaani nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Ukiweka nyuzi 20 na tofauti ya 1, jokofu litawaka kwenye 21 na kuzima kwenye 20. Wapo wanaopenda usahihi wakaweka tofauti ya 0.3. Kompresa hiyo itawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi na haitafika masika mawili. Nyuzi moja inatosha. Pipa kubwa halibadiliki haraka. Weka pia uchelewesho wa kompresa, dakika tatu hadi tano, ili shinikizo la gesi lisawazike kabla ya kuwaka tena. Uchelewesho huo ndio unaookoa jokofu umeme unapokatika na kurudi ghafla.

Na umeme unakatika. Bonde hili lina mabwawa ya Kidatu na Kihansi, yanayozalisha umeme kwa taifa zima, na hata hivyo taa huzimika Ifakara kama zinavyozimika kwingine. Kwa mwenye kifaa chenye programu swali ni hili: umeme ukirudi, kinaendelea pale kilipoishia, au kinaanza tena hatua ya kwanza? Vipo vya namna zote mbili, na kijitabu cha maelezo mara nyingi hakisemi. Jaribu mwenyewe: weka programu fupi ya saa moja moja, subiri iingie hatua ya pili, chomoa plagi, hesabu dakika kumi, rudisha. Kama kimerudi mwanzo, kitumie kama kifaa cha kawaida chenye joto moja, au kiwe chini ya jicho lako kila umeme unapokatika.

Kwa maoni yetu, wengi mlio hapa hamhitaji programu kabisa. Programu hufuata saa, na hamira haina saa. Wiki ya joto humaliza sukari siku ya sita. Hamira dhaifu huchukua siku kumi na nne. Kifaa kikishusha joto siku ya tisa kwa kuwa kiliambiwa hivyo, kitailaza hamira kabla haijamaliza. Kifaa cha joto moja pamoja na haidromita ni ununuzi bora kuliko kifaa chenye hatua sita bila haidromita. Kwa mvinyo wa nanasi anzeni na nyuzi 18 hadi 20, kwa choya 20 hadi 24, mkisoma pia maelekezo ya pakiti ya hamira. Uchachukaji umekwisha pale haidromita inaposoma namba ile ile, chini ya 1.000, mara mbili kwa siku tatu zilizoachana. Ndipo mshushe joto kwa mkono wenu. Soketi ya kupasha joto iliyo kwenye vifaa vingi, hapa bondeni iacheni tupu.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, barafu ndiyo akiba. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hupunguza joto la lita 80 kwa nyuzi moja hivi. Kwa pipa la lita 200 mnahitaji kilo mbili na nusu kwa kila nyuzi. Gandisheni maji katika chupa mapema na kuzizungushia pipa kwa nje. Gunia lililoloweshwa husaidia wakati wa kiangazi, lakini masika hewa yetu imejaa unyevu na gunia hilo halipozi kitu.

Tumeiacha mwisho hatari inayoweza kuua. Pipa la lita 200 lenye sukari tuliyoitaja hutoa hewa ya ukaa zaidi ya mita za ujazo 10 hadi kumaliza. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu hakizidi mita za ujazo 23. Hewa hiyo haina rangi, ni nzito, nayo hutuama chini. Mtu anayeziba madirisha ili kutunza baridi ya jokofu anajitengenezea kisima. Acheni matundu chini ya mlango na chini ya ukuta, funguni mlango wazi kabla ya kuingia, na asiinamishe mtu kichwa ndani ya pipa au jokofu linalochachusha. Mshumaa si kinga, kwani mtu hulevywa na hewa hiyo kabla mwali haujazimika. Mkimwona mwenzenu ameanguka humo, msimfuate ndani peke yenu. Fungueni pande zote kwanza na kuita watu.

Kifaa chenyewe kitundikeni ukutani juu ya usawa wa tangi, mbali na maji, kwenye soketi yenye waya wa ardhini. Ekstensheni iliyolala sakafuni penye maji ya kuoshea mapipa haina nafasi katika kazi hii.

Waliokuja na vifaa vyao, meza ya kupimia ipo upande wa kulia, ina barafu na kipima-joto. Anayekuta kifaa chake kinakosea na bado ana risiti, akae tumsaidie kuandika barua kwa muuzaji leo hii. Muuzaji akikataa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Na kwa anayetaka kuuza mvinyo wake nje ya kijiji, Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosajili majengo ya vyakula na vinywaji tangu Julai 2019.